Baiskeli ya Maziwa

Novatus Mayige alikuwa na kilo mia moja na kumi na nane, na kwa miaka kumi na miwili hakuna mtu mjini Bariadi aliyewahi kumwambia kuwa ni nyingi. Walimsifia. Wakulima waliopeleka mpunga kwenye mashine yake ya kukoboa walipenda kumkuta barazani kwenye kiti cha chuma, tumbo limetangulia mbele, soda ya baridi mkononi. Wengi hawakuuza siku ile ile. Waliacha magunia ghalani kwake wakisubiri bei ichangamke, na kilichowapa usingizi ni kwamba mwenye ghala ameshiba. Mtu aliyeshiba hivyo, walisema, ataiba mpunga wa maskini aufanyie nini?

Novatus aliyajua hayo na aliyafanyia kazi. Alimkumbuka mwenzake mmoja wa mtaa wa pili, naye mwenye mashine, aliyekonda ghafla kwa vidonda vya tumbo. Watu hawakuuliza ugonjwa. Walisema amekwisha, mali imemkimbia, na ndani ya wiki mbili mikokoteni ya ng'ombe ilipanga foleni mlangoni kuchukua magunia. Mwenzake yule alipona vidonda, ila biashara haikupona.

Kwa hiyo daktari alipomwambia Novatus kuwa presha iko juu, sukari iko mlangoni inabisha hodi, na dawa ya kwanza ni kuutikisa huo mwili kila siku, yeye hakuogopa kufa kama alivyoogopa kuonekana.

"Kimbia hapa hapa," alisema mkewe, Felisita, mwanamke asiyezunguka na maneno. "Zunguka uwanja wa shule mara tatu, urudi unywe uji. Nani atakukataza?"

"Watanisema."

"Kwani sasa hawakusemi?"

"Sasa wananisema vizuri," Novatus alijibu, na kwa kweli hakuona cha kuchekesha katika jibu hilo.

Akafanya alichofanya. Alinunua raba Mwanza, siyo Bariadi, na suti ya michezo ya kijivu aliyoificha chini ya kiti cha gari. Kila alfajiri aliendesha kuelekea njia ya Ngulyati, akaliacha gari nyuma ya ghala la pamba ambalo miezi ile lilikuwa tupu, akashika barabara ya vumbi inayokatisha mashamba. Alijipimia kwa nguzo za umeme. Wiki ya kwanza alikimbia nguzo mbili akashika kiuno. Wiki ya tatu zikawa nne. Alirudi nyumbani amelowa, anamnong'oneza mkewe "nne leo," na Felisita alimpa taulo na kumwambia kuwa mtu mzima anayejificha kukimbia ana kasoro kubwa kuliko tumbo.

Hakumsikiliza. Laiti angemsikiliza!

Jumanne moja ya Februari, mvua ya usiku imeacha barabara laini na majaruba ya mpunga yamejaa maji hadi kwenye matuta, Novatus alitaka nguzo ya tano. Aliifikia, ila iligharimu. Aliinama akiwa amekamata magoti, macho yanaona nyota, mate yamekuwa mazito kama uji uliolala. Akasikia kengele ya baiskeli.

Alikuwa mwanamume mwembamba wa miaka thelathini na kitu, shati la bluu lililopauka, madumu matupu ya maziwa yamefungwa pande zote mbili za baiskeli kwa mpira. Alishuka kabla hata ya kusimama vizuri.

"Mwangaluka, bosi."

"Mwangaluka," Novatus alijibu kwa shida.

"Mhola? Umepatwa na nini?"

Sasa hapo ndipo uongo wa kwanza ulipotoka, mdogo tu, wa kuombea maji. "Gari limenizimikia kule nyuma," alisema. "Nimetembea kutafuta msaada."

Mtu yule hakuuliza gari gani linamfanya mwenyewe avae suti ya michezo. Alitoa chupa ya maji, akamfungulia kifuniko, akamwangalia anywe. Akasema anaitwa Kristofa, mzaliwa wa Shishiyu kule Maswa, ana miezi mitatu tu huku; ananunua maziwa kwa wafugaji wa ng'ambo ya mto na kuyapeleka mjini. Ng'ambo hiyo kuna kijana fundi pikipiki ambaye hata magari anayajua kidogo. Akimkuta atamtuma.

"Pumua kwa pua, bosi, siyo kwa mdomo," alimwambia, akachukua chupa yake na kuiacha barabara, akashika kijia cha kwenye tuta kinachopita katikati ya majaruba kwenda mtoni.

Novatus alimtazama akiondoka, akaona haya kidogo kwa ule uongo. Kidogo tu. Alijifuta uso, na kwa kuwa pumzi ilikuwa imerudi na hakuna aliyekuwa akimtazama, akasema moyoni: ya sita. Akaanza tena kukimbia.

Mbele ya nguzo ya sita palikuwa na kitongoji, kaya kama ishirini zenye uzio wa minyaa na mazizi makubwa. Wiki mbili nyuma walikuwa wameibiwa ng'ombe kumi na mmoja na hawakupata hata kwato. Bibi mmoja, Nyanjige, alikuwa ametoka kumwaga majivu. Alipoinua macho aliona jitu la kijivu limefunika kichwa kwa kofia, linatimua mbio kuelekea kwenye mazizi, linahema kama dume lililokata kamba. Bibi Nyanjige ameishi miaka sabini na mitatu na katika miaka hiyo yote aliona watu wakikimbia kwa sababu mbili: ama wanafukuza au wanafukuzwa. Akaweka kiganja mdomoni akapiga mwano.

Asiyeujua mwano, huo ni ukelele wa hatari wa Wasukuma, na anayeusikia hana ruhusa ya kujiuliza. Anaudaka, anaupeleka mbele kwa jirani, anakamata fimbo, anatoka. Anayebaki ndani atajieleza mbele ya sungusungu, walinzi wa jadi, na atalipa. Kabla Novatus hajafika zizi la kwanza, ukelele ulikuwa umeruka kaya tano, na wanaume walikuwa wanamiminika kutoka kila upande na marungu, mikuki na majembe, wengine vifua wazi, mmoja povu la sabuni bado masikioni.

Alisimama. 

"Si bosi wa mashine huyu?" sauti ilisema.

"Ndiye! Bosi Nova!"

Fimbo zikashuka. Aliyesogea mbele alikuwa Masele, kamanda wa sungusungu wa pale, mtu mrefu mwenye kovu kwenye paji, ambaye magunia yake arobaini yalikuwa ghalani kwa Novatus wakati ule. Aliinamisha kichwa kwa heshima.

"Shikamoo, bosi. Kuna nini? Unakimbia nini?"

Novatus alifungua kinywa. Ukweli ulikuwa pale pale, mfupi, maneno matatu tu: nafanya mazoezi, jamani. Aliwatazama. Alihesabu nyuso nne tano za watu wenye mpunga kwake. Aliona jinsi habari itakavyotembea hadi sokoni kabla ya saa nne: bosi wa mashine anakimbia peke yake alfajiri, anajikondesha, ana maradhi, amekwisha. Na zaidi ya hayo, tuseme ukweli, aliona tu kicheko. Wanaume wanaolima tangu giza wamsikie mtu anayekimbia bila kufukuza chochote. 

Masele hakuwa na muda wa kungoja. Alijijibu mwenyewe kwa jibu pekee lililokuwa na akili. "Unafukuza mwizi?"

Novatus akatikisa kichwa kukubali.

"Yukoje?"

Jamani, mtu mwoga akibanwa hatungi. Anachukua kilicho karibu. Kilichokuwa karibu kichwani mwa Novatus kilikuwa kimoja tu. "Ana baiskeli," alisema. "Shati la bluu."

"Kaelekea wapi?"

Mkono wake ulinyooka wenyewe kuelekea mtoni.

Mwano ukapigwa upya, safari hii kwa mlio mwingine, ukavuka majaruba, ukapokelewa ng'ambo. Wanaume wakaondoka kwa kasi juu ya matuta. Masele aligeuka akakuta Novatus bado amesimama.

"Wewe pumzika, bosi, umefanya kazi kubwa. Mayu Nyanjige, mpe kigoda. Tutamleta huyo." Akafikiri kidogo. "Kama kitabaki cha kuleta."

Wakamketisha. Bibi Nyanjige alimfutia kigoda kwa upindo wa khanga, akamletea maziwa ya mgando kwenye kibuyu, akamshukuru kwa mikono miwili. "Wabeja, ng'wanone, wabeja mwanangu. Matajiri wengine wangepita tu na gari zao." Novatus aliyashika yale maziwa na hakuweza kuyanywa. Alijiambia Kristofa ana baiskeli, amekwisha kufika mbali. Alijiambia wakimkamata watamwuliza, ataeleza, wataelewa. Alijiambia mengi. Mwano wa ng'ambo ulikuwa unapanda na kushuka, mara ukakatika, ukaanza tena kwa sauti fupi fupi, za furaha.

"Wamemkamata," Bibi Nyanjige alisema, akapiga vigelegele.

Kibuyu kilimponyoka Novatus.

"Mayu," alisema, na sauti ilikuwa ya mtoto aliyevunja chungu. "Hakuna mwizi."

"Unasemaje?"

"Hakuna mwizi. Yule mtu ameninywesha maji tu. Mimi nilikuwa nakimbia mwenyewe."

"Unakimbia nini?"

"Mazoezi. Kupunguza mwili. Daktari aliniambia."

Bibi Nyanjige alimtazama kuanzia kwenye kofia hadi kwenye raba za Mwanza. Hakucheka. Uso wake ulikuwa wa mtu anayejaribu kuelewa lugha ya wageni, na alipoelewa, ulijifunga kama mlango. Alinyoosha kidole kuelekea mtoni, pale pale ambapo Novatus alikuwa amenyoosha chake.

"Basi kimbia," alisema.

Akakimbia. Hapakuwa na nguzo za kuhesabu huko. Tuta lilikuwa jembamba na linateleza, na kila hatua ya tatu alikanyaga ndani ya jaruba, maji hadi kwenye goti, miche ya mpunga wa watu ikilala chini ya miguu yake. Raba moja ilibaki matopeni, hakurudi. Kifua kilimwaka, mbavu zilimchoma, na alipofika mahali ambapo siku zote mwili wake ulimwambia inatosha, ulimwambia tena, kwa ukali. Alipiga kelele "Acheni!" lakini sauti ilifika mbele ya pua yake ikafa. Akaamua kutunza pumzi ya miguu. Alianguka mtoni, akanyanyuka. Alilia akikimbia, na hakuwa na nguvu hata ya kufuta kamasi.

Aliwakuta kwenye uwanda wa ng'ambo, duara la migongo. Maziwa yalikuwa yamemwagika juu ya matope, maana Kristofa alikuwa amekwisha kujaza dumu la kwanza. Baiskeli ililala ubavu. Yeye mwenyewe alikuwa chini, amefungwa kwa mpira wa baiskeli yake, mkono wa kushoto umekaa vibaya, umepinda pasipo na kiungo. Damu ilikuwa imefika kwenye kola ya shati la bluu.

Duara lilifunguka kwa heshima. "Bosi amekuja mwenyewe!"

Kristofa aliinua uso. Jicho moja lilikuwa limefumba, lingine lilimtambua, na humo, katikati ya yale yote, palikuwa na nafuu. Kweli, nafuu. Alidhani ameokoka.

"Bosi," alisema. "Waambie. Si tumesalimiana?"

"Ndiye huyu?" Masele aliuliza.

Novatus alifungua kinywa na hakikutoka kitu. Hewa haikuwepo. Tumbo lilipanda na kushuka, midomo ilicheza, na hakuna neno. Akainua mkono kuwazuia. Walioona mkono ule waliuona walivyotaka, kwamba anamwonyesha mtu wake, na kijana mmoja aliyekuwa upande wa kichwa akainua rungu.

Akamwangukia Kristofa. Hakupiga hesabu, magoti yaliachia na yeye akayaachia, akajitupa mzima mzima juu ya mtu yule mwembamba, kilo zake zote, na rungu likatua kwenye bega lake mwenyewe. Walimvuta, hakuvutika. Walimwita, hakujibu. Alikaa pale amemfunika, akisikia mfupa wa yule bwana ukimlalamikia chini yake, hadi pumzi ilipompa nafasi ya neno moja, kisha la pili.

"Mwongo. Mimi."

Aliyasema yote akiwa amelala hivyo, kipande kipande: gari ambalo halikuzimika, mazoezi, maji ya kunywa, shati la bluu. "Niliona aibu," alimaliza. "Niliona aibu mtanicheka."

Hakuna aliyecheka. Alikuwa ameogopa kicheko wiki tatu nzima, na sasa angelipa chochote kipatikane hata kimoja. Mtu mmoja alianza kumfungua Kristofa. Kijana mwenye rungu aliliweka chini taratibu, akaenda pembeni akachuchumaa kwa kuwapa mgongo.

Masele alibaki amesimama. "Ulitaka tuue mtu," alisema polepole, "kwa ajili ya tumbo lako?"



Sungusungu walikaa Jumapili iliyofuata wakamtoza dume la ng'ombe kwa mwano wa uongo, akalitoa, likachinjwa. Desturi inasema mkosaji akishalitoa anakaribishwa kula na wenzake. Walimkaribisha. Alikaa na nyama kwenye sahani, na kila upande wake palikuwa na nafasi ya kukaa mtu mmoja, na hapakuwa na mtu. Jumatatu mikokoteni ikaanza kufika ghalani. Wa kwanza alikuwa Masele na magunia yake arobaini. Hakumtukana. Alimwomba tu afungue mlango. Hadi mwisho wa wiki ghala lilibaki na sakafu yake na panya wake, na Novatus alisimama barazani akiwasaidia watu kupakia, kwa sababu kuingia ndani kungekuwa kujificha kwa mara nyingine.

Kilichomchoma siyo ghala. Kila akikaa kula, alikuwa analiona lile jicho moja la Kristofa lenye nafuu.

Alikuwa amekwenda kumwona mapema, kesho yake tu baada ya kipigo, kwenye chumba alichopanga Kristofa pembezoni mwa mji. Mkono ulikuwa kwenye plasta. Madaktari walisema wiki saba, na huenda usinyooke sawasawa tena. Novatus alibeba kuku wawili, sukari, na bahasha. Kristofa alipokea kuku, akapokea sukari, bahasha akaisukuma kwa vidole vya mkono mzima.

"Nina wateja kumi na saba," alisema. "Mtu akikosa maziwa siku tatu anahamia kwa mwingine. Leo ni siku ya pili. Hizo nitakula, zikiisha nitakuwa sina hela wala wateja."

"Nitatuma pikipiki," Novatus alidakia. "Dereva wangu ataanza kesho. Tena nitampa na…"

"Dereva wako hakunisingizia."

 Baiskeli ilikuwa imeegemezwa ukutani, usukani umenyooshwa kwa nyundo. Novatus aliitazama kwa muda mrefu. Kristofa hakumwangalia.

"Wanaamka saa ngapi hao wafugaji?" Novatus aliuliza.

"Saa kumi na moja wanakamua."

Siku ya kwanza alianguka mara mbili na kumwaga dumu zima, akanunua lingine kufidia. Kijia kilikuwa kile kile, majaruba yale yale, na ilimbidi kupita kwa Bibi Nyanjige, kwa sababu na yeye alikuwa na lita nne za kuuza. Alimpimia bila salamu. Siku ya tisa alimjibu "Mwangaluka." Ilipofika siku ya ishirini na moja alisema dumu la kushoto limefungwa vibaya, akalifunga upya mwenyewe.

Ugumu haukuwa mashambani, ulikuwa mjini. Kuingia Bariadi saa mbili asubuhi, jua limetoka, maduka yanafunguliwa, bosi wa mashine amepanda baiskeli ya maziwa, suruali imebanwa na kamba ya katani, anapiga kengele. Waendesha bodaboda walimshangilia kwa miluzi. Wengine walitoa simu wakampiga picha. Violeth, mama lishe wa stendi aliyekuwa mteja mkubwa wa Kristofa, alimtazama siku ya kwanza akashika mdomo, akapokea maziwa, akasema tu, "Kesho uwahi, chai haingoji mtu." Njia ya wateja ilipita mbele ya mashine yake mwenyewe, na siku za mwanzo alitamani kupitia uchochoroni. Hakupita. Aibu ilimpanda usoni kila asubuhi pale pale, mbele ya baraza lake lenye kiti kitupu, na kila asubuhi aliipita akikanyaga pedeli.

Felisita alimsubiri na uji.  Kisha asubuhi moja alimvua viatu, akaona malengelenge, akaleta maji ya chumvi. "Ungezunguka uwanja wa shule," alisema, na ilikuwa kweli.

Wiki saba zikawa tisa, maana mkono ulichelewa. Plasta ilipotolewa, Novatus alimkabidhi Kristofa baiskeli na wateja kumi na tisa. Kristofa aliwahesabu kwa majina, akaridhika. Alisema "Wabeja," neno moja, la kazi. Hawakukumbatiana wala nini. Mkono wa kushoto ulibaki umepinda kidogo kwenye kiwiko, kama mtu aliyebeba kitu kisichoonekana.

Mwili wa Novatus nao ulikuwa umebadilika bila kumwomba ruhusa. Kilo tisini na tisa. Presha imeshuka, daktari anatabasamu. Mwili wenyewe ulikataa kurudi kitini. Aliendelea kukimbia kila asubuhi katikati ya mji, mchana kweupe, na watu wakaizoea suti ile ya kijivu iliyokuwa imempwaya. Polepole, mpunga wa msimu mpya ulipokauka, wakulima wachache wakarudi kukoboa. Kukoboa tu, kuacha magunia, bado.

Mji unasahau haraka, au unakumbuka unachotaka. Kabla mwaka haujaisha, wageni waliofika Bariadi walimjua Novatus kama yule mfanyabiashara wa mazoezi. Ndipo chama cha wajasiriamali kilipoandaa semina kwenye ukumbi mmoja karibu na stendi, na kwenye ratiba, baada ya chai ya saa nne, palikuwa na jina lake: Afya, Mazoezi na Ustahimilivu katika Biashara. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu Felisita alimwambia, "Nenda. Ila ukienda, uende na vyote."

Watu mia moja na ushee walikaa na kalamu. Mshereheshaji, kijana wa Mwanza mwenye tai nyekundu, alimpamba: mfano wa kuigwa, mtu aliyejitambua, aliyeamua siku moja kubadili maisha yake. Makofi yakapigwa. Wale wenyeji wachache waliojua waliangalia madaftari yao. Novatus alisimama na kipaza sauti na akahisi jinsi ingekuwa rahisi. Hakuhitaji hata kudanganya. Aliulizwa jambo, na jibu zuri walikuwa wamekwisha kumwandalia, kama siku ile. Kazi yake ilikuwa kutikisa kichwa tu.

"Bosi," kijana wa tai nyekundu aliuliza, "wengi hapa wanatamani kuanza ila wanashindwa. Wewe siku ya kwanza ulianzaje?"

Mlango wa pembeni ulifunguka. Violeth, aliyepewa kazi ya chai, alikuwa anaelekeza maziwa yawekwe wapi, na aliyekuwa anayaingiza alikuwa Kristofa. Alisikia swali. Akasimama na dumu lake pale mlangoni.

"Siku ya kwanza," Novatus alisema, "nilimsingizia mtu wizi."

Ukumbi ukaangua kicheko. Walidhani ni utani wa kufungulia mada, na ulikuwa utani mzuri. Kijana wa tai nyekundu alicheka hadi akapiga paja. Kilikuwa ndicho kile kicheko chote alichokuwa amekikimbia siku ile kitongojini, kimekuja sasa, kizito, cha watu mia, na Novatus akakisubiri kiishe. Kilipoisha akasogeza kipaza sauti karibu na mdomo.

"Nilimsingizia mtu wizi," alirudia. "Alikuwa amenipa maji. Walimvunja mkono."

Hakuna kiti kilicholia. Kristofa hakutikisa kichwa, hakutabasamu. Aliinama akaliweka dumu chini kwa mkono wa kulia, kwa sababu wa kushoto, uliopinda, haukuwa unafika sakafuni.